Usitazame Rangi

Nyuzi tisa. Mita kumi na nne chini ya majabali ya St Abbs,
na mimi, mzaliwa wa Manyoni,
niliyejifunza kuogelea nikiwa na miaka thelathini na minane
katika bwawa la manispaa, huko Leith, lenye harufu ya klorini,
naelea kifudifudi ndani ya suti kavu
nikimulika kitu kidogo kama ukucha.

Si ukucha. Ni koa.

Ailsa Purves ananibana mkono mara mbili: mwone.
Mweupe, na pembezoni mwake vijiti vyenye ncha za chungwa,
kama aliyechomekwa njiti za kiberiti mwili mzima
na zote zikashika moto, naye hana habari.
Penseli inakwaruza kibao cha plastiki: njiti.
Jina la Kilatini atanipa baadaye,
refu kuliko mnyama mwenyewe.

Kwenye jiwe la pili, zambarau iliyoiva.
Huyu hula upupu wa baharini.
Hajikuni, wala haumdhuru tumboni;
huupandisha mgongoni, akauvaa.
Samaki anayemjua humwamkia kwa mbali.

Kisha wa manjano, mwenye ua la kupumulia
palepale anapojisaidia.
Nilicheka, maji yakaingia kwenye miwani.

Mama alikuwa na mbuzi arobaini na mmoja.
Jioni hakuwahesabu. Alisimama mlangoni mwa zizi,
akawatazama wakipita, akasema tu:
"Mwenye soksi hayupo."
Na kweli, mwenye soksi hakuwepo.

"Kwenu mnawaitaje?" aliniuliza Ailsa
tukivutana mikono ya suti nyuma ya gari, mvua ya rasharasha.
Koa, nikasema.
"Na yule wa zambarau?"
Koa.
"Wote?"
Wote.
Nikaona haya, kama mtu aliyekuta wageni sebuleni
akawaamkia kwa jumla na kupitiliza jikoni.
Usiku ule, kitandani, nikaanza kugawa majina:
Njiti. Bi Zambarau. Mwenye Ua Pabaya.
Yule wa kioo, anayeonekana hadi alichokula mchana,
nikamwita Msema Kweli.

"Lakini usitazame rangi," akasema Ailsa, mkahawani,
akipuliza kikombe. "Rangi hugeuka kwa umri, kwa mwanga, kwa mlo.
Nimekosea miaka kumi kwa sababu ya rangi.
Tazama amekaa juu ya nini. Tazama anakula nini."
Mzee wa kaunta akaniletea bakuli,
akanichungua kwa wema wake wote:
"Jamaika?" Hapana. "Ghana?" Hapana.
"Nakaa Leith," nikamwambia. "Nakula supu ya dengu."
Akaongeza mkate, bila malipo,
akaenda zake akiwaza.

Leo ni wa kumi na mbili, na simjui.
Ailsa pia anapandisha mabega, mapovu yanamtoka.
Hudhurungi, manundu manundu, mnene kama dole gumba,
kama kitu kilichosahauliwa mfukoni kikafuliwa.
Hana njiti. Hana zambarau. Hana la kujisifia.
Amekaa juu ya vile viitwavyo vidole vya maiti,
vyeupe, laini, vikipunga kwenye mkondo,
na pembeni yake utepe wa mayai umejisokota
kama shanga za kiunoni alizozivua mtu kwa haraka.

Naandika: vidole vya maiti.
Naandika: anakula. Taratibu. Hajali tochi.
Naacha nafasi ya jina.

Geji inasema sitini.
Ailsa ananyoosha dole gumba, ambalo huku chini
halimaanishi vizuri, linamaanisha twende juu.
Najifanya sijaliona.
Anaguguna kidole cha pili sasa, kuanzia ncha,
na kile cha kwanza, niliyekuwa namtazama yeye tu,
sikuona kilipoishia.